"Jina lako tutaliongeza baadaye": amana, hati na nyumba ya wasiofunga ndoa

Swali: Wakili, habari za kazi. Mimi na mwenzangu ni Watanzania tunaoishi Sacramento, California. Huu ni mwaka wa saba tuko pamoja, hatujafunga ndoa ya serikali wala ya kanisani. Yeye ana watoto wawili Mwanza, wa miaka 9 na 13, wanaishi na mama yao. Mimi sina mtoto, ila namtunza mama yangu aliyeko Morogoro. Tumepata nyumba ya dola 560,000. Kianzio ni dola 112,000: mimi natoa 80,000 nilizojiwekea kwa miaka kumi ya kulea watoto wa watu nyumbani kwangu, yeye anatoa 32,000. Benki inasema mkopo uwe kwa jina lake kwa kuwa ndiye mwenye mshahara. Yeye anasema nyumba nayo iandikwe jina lake kwanza, langu tutaliongeza baadaye, kisha tufungue living trust mambo yakae sawa. Je, hiyo trust itanilinda?

Jibu: Haitakulinda, dada yangu, si kwa mpangilio huo. Inaweza hata kukuacha pabaya zaidi, kwa sababu utalala usingizi ukiamini umelindwa.

Living trust nitaiita amana ya uhai, kwa kuwa mtu huiunda angali hai. Usiichanganye na amana ya benki, wala na wakfu. Ni maandishi ambayo kwayo mwenye mali anaitoa mali kwenye jina lake binafsi na kuiweka mikononi mwa mdhamini, aitunze na kuigawa kwa masharti yaliyoandikwa. Hapa California mwenye mali, mdhamini na mnufaika wa kwanza huwa ni mtu mmoja. Anaishi nyumbani mwake kama jana, analipa kodi kwa namba yake ileile ya Social Security, na anaweza kuibadili amana au kuifuta siku yoyote. Akifariki, au akiugua hadi asijiweze, mdhamini mbadala aliyemtaja anashika kazi bila kwanza kwenda mahakamani.

Hapo niliposema "kuifuta siku yoyote" ndipo pa kusimama. Nyumba ikiwa jina lake peke yake, akaiweka kwenye amana yake, basi ni amana yake na nyumba yake. Leo amekuandika humo kwa mapenzi. Mwakani mkigombana anakufuta kwa karatasi moja na mhuri wa notari, wala halazimiki kukuambia. Utakuja kujua siku ya msiba, ukisomewa na mtu mwingine.

Nadhani najua kwa nini jambo hili halijakutisha. Tumekulia kwenye nchi ambako miaka miwili ya kuishi pamoja ina uzito. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawaona kuwa mume na mke, huchukuliwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata huko nyumbani kesi hizo si nyepesi, lakini angalau mlango upo. California iliufunga mlango huo mwaka 1895. Mkikaa pamoja miaka saba au sabini, jirani akikuita "mama mwenye nyumba", mchungaji akiwajua, sheria ya mirathi ya jimbo hili inakuona kuwa mtu baki. Texas na Colorado zinatambua ndoa isiyo na cheti kwa masharti yake, lakini nyumba yenu haiko huko. (Kama mahari ilitolewa na ndoa ya kimila ikafungwa Tanzania kihalali kabla hamjaja huku, niambie haraka, maana California huitambua ndoa iliyokuwa halali mahali ilipofungwa, na jibu langu lote litageuka. Nikahi au baraka za kanisani zilizofanyika hapahapa bila leseni ya kaunti ni habari nyingine, hazitoshi.)

Watu hunitajia kesi ya Marvin. Ni kweli, mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California, katika shauri la mwigizaji Lee Marvin na mwanamke aliyeishi naye bila ndoa, ilisema wasiooana wanaweza kuwekeana mkataba wa mali, hata mkataba usioandikwa bali unaoonekana kwa matendo yao. Wasichokumbuka wengi ni mwisho wake: mwanamke yule alipewa dola 104,000 mwaka 1979, na mwaka 1981 mahakama ya rufaa ikazifuta hizo nazo. Kesi ile inakupa haki ya kudai. Kudai kwenyewe ni miaka na ada za mawakili, na sheria ya ushahidi ya California huanza na jina lililo kwenye hati: mwenye jina huhesabiwa mwenye mali yote, na anayesema vinginevyo atoe ushahidi ulio wazi na wenye nguvu. Risiti zako za mboga na umeme hazifiki huko.

Sasa turudi kwenye lile neno "baadaye", maana ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu.

Mke wa ndoa akiongezwa kwenye hati baada ya kununua, hakuna anayeshtuka. Kwako kuna gharama tatu. Kwanza benki: mikataba ya mikopo ya nyumba huwa na kipengele kinachoiruhusu benki kudai deni lote mara moja umiliki ukihamishwa. Sheria ya shirikisho ya 1982, iitwayo Garn-St Germain, inaizuia benki kufanya hivyo pale nyumba inapohamishiwa kwa mke, mume au mtoto, au kwenye amana ya uhai ambayo mkopaji mwenyewe anabaki mnufaika. Mpenzi hayumo kwenye orodha hiyo. Pili, akikupa nusu ya nyumba itakayokuwa imepanda thamani, hiyo ni zawadi ya kutolewa taarifa serikalini. Tatu, kodi ya majengo: tangu Proposition 13, sheria ya kodi ya California ya 1978, kodi hukokotolewa kwa bei mliyonunulia, na thamani hiyo hairuhusiwi kupanda zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka umiliki ubadilike. Kumwandikia mtu asiye mke fungu la nyumba ni kubadilika kwa umiliki, na fungu hilo hupimwa upya kwa bei ya siku hiyo. Kwa hiyo hata mwenzako akiwa mkweli kabisa, baadaye atakuwa na sababu tatu nzuri za kuahirisha tena. Nimeziona ahirisho hizo. Huwa haziishi.

Na kuna karatasi moja itakujia kabla ya wiki hizi kwisha, ikaonekana ndogo. Kwa kuwa jina lako halimo kwenye mkopo, benki itataka kujua hizi dola 80,000 zimetoka wapi, na itakuletea barua ya zawadi usaini: kwamba fedha hizo umempa mkopaji bure, hudai kurudishiwa. Ukisaini, jasho lako la miaka kumi limegeuka zawadi kwa mwandiko wako mwenyewe. Ukisaini huku mna makubaliano ya siri kwamba ni deni, mmeidanganya benki, na hilo ni kosa la jinai la shirikisho. Usiisaini kabla hujazungumza na wakili wako. Wako, si wenu wawili.

Dawa ya kwanza ya karatasi hiyo ni wewe kuingia kwenye mkopo. "Ndiye mwenye mshahara" ni maneno ya ofisa aliyetaka faili jepesi. Mtu aliyejiajiri hukopeshwa pia. Kwa kawaida huombwa ritani za kodi za miaka miwili na kumbukumbu za biashara. Kama umekuwa ukiwasilisha ritani za kazi yako ya kulea watoto, zipeleke. Kama benki hii itakataa, jaribu nyingine au tafuta dalali wa mikopo. Ikishindikana kabisa, jina lako bado linaweza kuwa kwenye hati ya nyumba hata kama halimo kwenye mkopo: benki nyingi hukubali, ila zitakutaka usaini hati ya rehani ili nyumba yote iwe dhamana. Barua ya zawadi ikibaki lazima, mkataba wenu uandikwe kwa kuizingatia: hudai deni, una fungu la nyumba. Ni vitu viwili tofauti, na wakili ajue kuvitenganisha.

Hapo hapo nikuonye kuhusu jina. Rehani ya California huitwa Deed of Trust. Utaiona siku ya kusaini, kurasa nyingi, neno "trust" juu kabisa. Nimepata wateja waliokuja ofisini na karatasi hiyo kwenye bahasha wakisema "trust tunayo tayari". Ile inamlinda mkopeshaji. Si yako.

Haya, hati ya nyumba. Mkiwa wawili mnaweza kumiliki kwa njia mbili kubwa. Moja ni umiliki wa pamoja ambao anayebaki anachukua yote. Mmoja akifa, mwingine anapeleka cheti cha kifo na kiapo kwenye ofisi ya kaunti inayosajili hati, na nyumba ni yake. Ni rahisi na ni bei poa, na maofisa wa mauzo huipenda. Ya pili ni umiliki wa mafungu: kila mmoja ana fungu lake, nusu kwa nusu au vyovyote mtakavyoandika, na fungu lake huenda anakotaka yeye.

Kwa wapenzi wasio na mtoto nje na walioweka fedha sawa, mara nyingi ile ya kwanza inatosha, wala siwauzii amana. Ninyi hamko hivyo. Akifariki yeye kwanza, unachukua nyumba nzima na wale watoto wa Mwanza hawapati hata tofali, wosia wake useme lolote, kwa maana umiliki huo hupita juu ya wosia. Ukifariki wewe kwanza, dola zako 80,000 ni zake na mama yako Morogoro anabaki na rambirambi. Tena California humruhusu mmoja kuuvunja umiliki huo peke yake kwa kusajili hati mpya, bila saini ya mwenzake. Kwa hiyo hata ule uhakika wa "anayebaki" si uhakika.

Kwa hiyo nawashauri umiliki wa mafungu. Lakini ukiishia hapo bila amana wala wosia, angalia kinachotokea akifariki. Fungu lake linaenda kwa watoto wake wote kwa usawa. Wewe, sifuri. Watoto ni wadogo, kwa hiyo fungu hilo litahitaji msimamizi chini ya macho ya mahakama mpaka kila mmoja afikishe miaka 18. Na mmiliki yeyote wa fungu, au anayemsimamia, anaweza kuiomba mahakama nyumba iuzwe wagawane fedha. Unaweza kujikuta umekaa sebuleni mwako ukiwa na wamiliki wenza wawili ambao hujawahi kuonana nao ila kwa simu ya video, na mama yao ana kila sababu ya kutaka fedha badala ya ukuta ulioko Sacramento. Mimi simlaumu. Ningekuwa wakili wake ningemshauri hivyo hivyo.

Wanaouza amana watakwambia kuhusu ada za mirathi, na hesabu yao ni ya kweli. Sheria ya California humpa wakili wa mirathi asilimia 4 ya dola 100,000 za kwanza, 3 ya 100,000 zinazofuata, 2 ya 800,000 zinazofuata, na msimamizi wa mirathi naye ana haki ya kiasi hicho hicho. Hukokotolewa kwa thamani nzima bila kutoa deni la benki. Kwa fungu la dola 280,000, nusu ya nyumba yenu, ni 8,600 kwa wakili na 8,600 kwa msimamizi. Lakini niwe mkweli: tangu Aprili 1, 2025, makazi makuu ya marehemu yasiyozidi dola 750,000 yanaweza kupita njia ya mkato, ombi fupi la mahakama badala ya mirathi kamili. Nyumba yenu ingeingia humo. Kwa hiyo sababu yenu ya kuwa na amana si ada. Njia ya mkato ingelifikisha fungu lake haraka zaidi kwa watu ambao si wewe.

Sababu yenu ni kwamba amana inaweza kusema jambo ambalo hati peke yake haiwezi: huyu akae, wale warithi.

Hiki ndicho ningekiandika. Amana mbili, kila mtu yake, si moja ya pamoja. Ya pamoja huwafaa wanandoa ambao mali yao ni chungu kimoja. Kwenu itazua maswali ya nani alichangia nini, nani anaweza kuibadili mmoja akishafariki, na mkiachana itabidi kuivunja vipande. Amana yake iseme: nikifariki, mwenzangu aendelee kuishi humo kwa muda fulani (miaka miwili, mitano, semeni wenyewe) akilipa mkopo, kodi, bima na matengenezo madogo; ndani ya muda huo ana haki ya kwanza ya kununua fungu langu kwa bei ya mthamini aliyesajiliwa; asiponunua, nyumba iuzwe, na fungu langu litunzwe kwa ajili ya watoto wangu. Hapo mdhamini alipie ada za shule na matibabu, na salio wakabidhiwe wakiwa na miaka 25, si kumpa kijana wa miaka 18 hundi. Watoto watajwe kwa majina kamili na tarehe za kuzaliwa kama zilivyo kwenye vyeti. Amana yako iseme hivyo hivyo kwa upande wako, na fungu lako liende kwa mama yako. Akiwa ameshatangulia, useme linaenda kwa nani.

Mdhamini mbadala ni nani? Msitajane ninyi kwa ninyi mkaishia hapo. Ukiwa mdhamini wa fungu la watoto na wakati huohuo ndiwe mnunuzi wa fungu hilo, kila bei utakayotaja itaonekana ya wizi hata ukiwa malaika. Tafuta mtu wa tatu mwenye utulivu, au mdhamini mwenye leseni. California ina wadhamini wa kitaalamu wanaopewa leseni na jimbo. Na msidhani itakuwa siri. Mwenye amana akifariki, mdhamini ana siku 60 za kuwapelekea taarifa wanufaika na warithi wake wa kisheria, nao wana siku 120 za kupinga mahakamani. Mwanza watapata barua. Afadhali mwenzako aongee na mama wa watoto wake angali hai.

Sasa lile tatizo la kufuta siku yoyote. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakiwemo mawakili wanaotumia fomu moja kwa wateja wote. Amana ni ahadi ya mtu na nafsi yake. Kinachowafunga ninyi wawili ni mkataba wa umiliki mnaousaini kabla au siku ya kununua. Humo iandikwe kwamba kila mmoja anaahidi kutoipunguza haki ya mwenzake ya kukaa na ya kununua, iwe kwa amana au kwa wosia. Ahadi ya namna hiyo ikiwa ya maandishi na saini, sheria ya mirathi ya California huitambua na mali ya marehemu inaweza kudaiwa kwayo.

Mkataba huo ndio wa kuutolea jasho, kuliko amana. Mafungu yahesabiwe vipi? Njia ninayoipenda kwa watu walioweka viwango tofauti: nyumba ikiuzwa, likishalipwa deni na gharama za kuuza, kwanza kila mmoja achukue kianzio chake, wewe 80,000 na yeye 32,000, halafu kinachobaki mgawane nusu kwa nusu. Njia nyingine ni kuandika mafungu moja kwa moja kwenye hati. Zote ni halali. Ya kwanza hukwepa ugomvi wa nani alilipa mwezi gani, mradi mkubaliane malipo ya kila mwezi ni nusu kwa nusu au ni vingine. Fungueni akaunti moja ya nyumba, kila mtu aingize sehemu yake, mkopo na kodi vitoke humo tu. Yeye akilipa benki na wewe ukanunua chakula na kumtumia pesa mdogo wake, miaka kumi baadaye yeye ana karatasi na wewe una kumbukumbu. Kisha kuachana: nani atoe ofa kwanza, mthamini achaguliwe vipi, siku ngapi za kupata mkopo, na nani akae humo wakati mnasubiri. Najua kuandika haya na mtu unayempenda kunatia aibu. Andikeni Jumamosi mchana, si baada ya ugomvi.

Kila mmoja awe na wakili wake wa kuusoma mkataba huo. Najua ni gharama mara mbili. Mkataba ambao upande mmoja tu ulikuwa na wakili ndio wa kwanza kushambuliwa.

Amana ikishasainiwa, nyumba lazima ihamie humo. Hili ningelisema kwa kipaza sauti kama ningekuwa nacho. Mzee mmoja alinunua amana kutoka kwa mtayarisha hati fulani, akapewa jalada zuri lenye maandishi ya dhahabu. Akaliweka kabatini juu ya Biblia. Alipofariki tukalifungua: amana safi kabisa, na ndani yake hamna kitu, kwa sababu hakuna aliyeandika hati ya kuihamisha nyumba kwenda kwa mdhamini na kuisajili kaunti. Kuna ombi la mahakama linaloweza kuokoa hali kama hiyo ikiwa nyumba ilitajwa kwenye orodha ya mali za amana, nasi tulifanikiwa, lakini ni kule kule mahakamani alikokuwa amelipa ili kukukwepa. Kwenu, nunueni kwanza kwa majina yenu mawili kwa mafungu. Mkopo ukishapita, kila mmoja asajili hati ya kuhamishia fungu lake kwenye amana yake. Pamoja na amana kila mtu asaini wosia mfupi unaosema chochote kilichosahaulika kiingie humo.

Akifariki mkopaji, mkopo haufi. Mke au mtoto anayerithi nyumba yenye deni analindwa na sheria ya shirikisho benki isimdai yote kwa mkupuo. Wewe huhesabiwi kwa jina hilo. Ndiyo maana nasisitiza uwe mkopaji. Na mkate bima za maisha za muda, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, zenye kutosha kumaliza deni au kununua fungu. Kwa watu wa umri wenu wenye afya njema, bima hiyo mara nyingi ndiyo kitu cha bei nafuu kuliko vyote nilivyotaja, na ndiyo itakayokuwezesha kuitumia haki ya kununua. Haki ya kununua bila fedha ni karatasi tu.

Kodi, kwa ufupi. Mkiandika nusu kwa nusu bila sharti la kurudisha vianzio, kwa hesabu ya kianzio utakuwa umempa dola 24,000. Kiwango cha zawadi kisichohitaji taarifa ni 19,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka 2026. Utajaza fomu 709, ya kutoa taarifa ya zawadi, kwa hizo 5,000 za ziada. Hutalipa kitu, maana msamaha wa kodi ya zawadi kwa maisha yako yote ni dola milioni 15 kwa mkazi wa kudumu aliyeifanya Marekani kuwa maskani yake. Ile njia ya kurudishiana vianzio inaepusha hata hilo. Kuhusu kodi ya majengo, tangu 2013 California ina nafuu kwa wamiliki wawili wasiooana: mmoja akifariki na mwingine akawa mmiliki pekee, thamani haipimwi upya, ilimradi nyumba yote ilikuwa yao wawili, majina yao yalikuwa kwenye hati na wote waliishi humo kwa mwaka mzima kabla ya kifo, na aliyebaki akasaini kiapo. Fungu likienda Mwanza, nafuu hiyo haipo. Iingize kwenye hesabu.

Kama mwenzako ana kiwanja Mwanza, amana ya California isikiguse. Ardhi ya Tanzania inafuata sheria ya Tanzania, na mirathi yake itafunguliwa huko. Aandike wosia wa pili wa mali za Tanzania pekee. RITA, wakala wa serikali ya Tanzania wa usajili, ufilisi na udhamini, huandika wosia na kuutunza. Mtego uko kwenye sentensi moja ambayo kila mwanasheria huipachika mwanzoni: "nafuta wosia wangu wote wa awali." Ukisainiwa wosia wa Mwanza baada ya ule wa Sacramento ukiwa na maneno hayo, umeufuta ule wa Sacramento. Kila wosia useme unahusu nchi gani na kwamba haugusi mwingine.

Halafu hospitali. Amana haimpi mtu ruhusa ya kuongea na daktari. Kila mmoja asaini maelekezo ya huduma ya afya yanayomtaja mwenzake kuwa msemaji wake, na hati ya uwakilishi wa mambo ya fedha. Kurasa chache, na fomu ya afya ya California haina ada.

Utaniuliza, je, tukioana? Ndoa itakuingiza kwenye mirathi na kuondoa vikwazo vingi vya benki na kodi nilivyovitaja, ingawa watoto wa Mwanza bado watahitaji kupangiwa. Kuna pia usajili wa wenzi katika jimbo, ambao tangu Januari 2020 uko wazi kwa wachumba wote wa miaka 18 na zaidi. Unakupa haki za mwenzi chini ya sheria za California, lakini serikali ya shirikisho haiuhesabu kuwa ndoa, na kwa mwenye masuala ya uhamiaji au kodi ya shirikisho tofauti hiyo ni kubwa. Sitawashauri muoane kwa ajili ya nyumba. Mkiwa tayari mnakusudia, semeni kabla ya kuandika mkataba, si baada yake, kwani ndoa itabadili hesabu ya kila dola itakayolipwa kuanzia siku hiyo.

Wiki hii fanya mambo mawili. Mwandikie ofisa wa mkopo kwa barua pepe kwamba unaomba kuwa mkopaji mwenza, na uambatishe ritani zako. Kisha mwombe ofisa wa eskro, yule anayeshika fedha na hati mpaka ununuzi ukamilike, akutumie rasimu ya hati ya nyumba kabla ya siku ya kusaini. Mbele ya jina lako utakuta umeandikwa mwanamke asiye na ndoa, na yeye mwanamume asiye na ndoa. Usiumie, hati za California huandikwa hivyo. Angalia kama majina yapo mawili, na kama baada ya majina yametajwa mafungu. Jina lako lisipokuwepo, fedha zako 80,000 zisitoke benki.